Lugha ya Dalili: Kishikwambi, Mama, na Mtoto Mchanga Mgonjwa katika Nchi ya Unyamwezi

Wataalamu wa tiba wameandika mengi juu ya vyombo vya kompyuta vitumikavyo kuwasaidia waganga na wazazi kuamua la kufanya mtoto mchanga auguapo. Wameandika juu ya vifo vilivyopungua, dawa zilizookolewa, na gharama zilizotumika. Juu ya lugha wameandika machache mno, na aghalabu katika sentensi moja tu, isemayo kwamba maswali ya chombo yalitafsiriwa kwa Kiswahili. Makala haya yahusu sentensi hiyo. Nataka kuonyesha kwamba ndani yake mna mambo ya sarufi na msamiati ambayo yaweza kumfanya mtoto apelekwe hospitali au arudishwe nyumbani, na kwamba wanaochungua Kiswahili wamewaachia wengine kazi iliyo yao.

Kwanza maneno machache juu ya majina. Kile kibao cha kioo ambacho mganga hukigusa kwa kidole, Baraza la Kiswahili la Taifa lilikiita kishikwambi, na neno lilienea sana mwaka 1022 + 1000, yaani 2022, makarani wa sensa walipogawiwa vyombo hivyo. Wapo wanaolicheka, mimi naliona neno zuri, lenye umbo la Kibantu na lisilokwaza ulimi. Programu iliyomo ndani yake, inayouliza maswali kwa utaratibu na mwishoni kutoa shauri, haijapata jina lililokubaliwa. Nitaiita programu ya shauri.

Asili ya programu hizi ni karatasi. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto yalitunga utaratibu wa kumchunguza mtoto mgonjwa hatua kwa hatua, kwa vitabu vyenye rangi: nyekundu kwa mtoto wa kupelekwa hospitali upesi, njano kwa wa kutibiwa hapo hapo, kijani kwa wa kutunzwa nyumbani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea, mwaka 1996. Katika wilaya za Morogoro na Rufiji, ambako ulifuatwa, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya jirani ambako haukufuatwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2004. Lakini kitabu ni kizito na foleni ni ndefu, na mganga aliyechoka hukiacha katika saraka. Ndipo watu walipofikiri kukitia kitabu katika mashine ndogo ambayo haimruhusu mganga kuruka hatua. Jaribio la mapema lilifanywa Mtwara, na habari zake zilitolewa mwaka 2008.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi. Dar es Salaam, kati ya mwaka 2014 na 2016, programu iitwayo ePOCT ilijaribiwa pamoja na vipimo vidogo vya damu na kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Watoto waliopewa antibiotiki kwa shauri la programu hiyo walikuwa asilimia 11.5 tu, na hali zao hazikuharibika kwa sababu hiyo. Ndugu yake, ePOCT+, ilijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro mwaka 2021 na 2022: penye programu watoto waliopewa antibiotiki walikuwa asilimia 23.2, pasipo programu asilimia 70.1. Mradi mwingine, TIMCI, ulikipeleka kipimo cha oksijeni, na programu ya shauri pamoja nacho, katika zahanati na vituo vya afya vya sehemu kadha za Tanzania, na Kaliua ilikuwa mojawapo. Katika vyumba vya kuzalia, Mkoa wa Tabora ulikuwa katika mikoa mitano iliyotumia vyombo na mafunzo ya mpango wa Safer Births, kimoja kikiwa kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto tumboni ambacho watengenezaji wake wa Norway walikipa jina la Kiswahili, Moyo. Taarifa ya mpango huo, iliyotoka mwaka 2025, ilieleza kwamba vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa kiasi cha asilimia 40.

Vyombo vya wazazi wenyewe ni vichache. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilianzisha ujumbe wa simu ulioitwa Wazazi Nipendeni, kwa namba 15001. Jina lake lastahili kutazamwa: mtoto ambaye hajazaliwa amefanywa msemaji, naye anatoa amri kwa wingi, yenye kiambishi cha mtendwa wa nafsi ya kwanza. Ni Kiswahili kilichofikiriwa kwa Kiswahili, na nadhani ndiyo sababu jina lilikaa vinywani mwa watu. Kisha kuna m-mama, iliyotangazwa kuwa ya taifa zima mwaka 2022: mama au jirani hupiga namba 115 bila malipo, mpokeaji wa simu huuliza maswali akiongozwa na programu, na kama hali ni ya hatari gari hutafutwa, hata likiwa gari la dereva wa kijijini anayelipwa kwa simu. Mtoto mchanga pia huhudumiwa kwa njia hiyo.

Sasa tutazame mahali maswali haya yanapoulizwa. Kaliua ni wilaya tangu mwaka 2012, ilipotengwa na Urambo. Mji wake uko katika reli ya kati, pale njia ya Mpanda iachanapo na ile ya Kigoma. Kabla ya reli ilikuwa nchi ya misafara. Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo ni Tabora, mwezi wa Novemba 1857, nao walikuta Kiswahili kimewatangulia, kimeletwa na wafanyabiashara wa pwani na zaidi na wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na kurudi. Homa na dawa, maneno yenye asili ya Kiarabu, yalikwenda kwa miguu yao kabla ya kuwako hospitali hata moja. Kwa hiyo Kiswahili cha huku si mgeni wa juzi aliyeletwa na shule. Ni lugha ya zamani yenye tabia zake, nayo imekaa karibu na Kinyamwezi, na Kisukuma cha wafugaji waliohamia, na katika Ulyankulu, Kirundi cha watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kiswahili kilichomo katika kishikwambi ni Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Mama anayejibu si Mwunguja.

Nianze na jambo dogo la njeo. Dalili ya kwanza ya hatari katika utaratibu wote huu ni kwamba mtoto hawezi kunyonya. Swali la kawaida ni hili: "Mtoto ananyonya?" Kila mwanafunzi wa sarufi ajua kwamba kiambishi -na- katika Kiswahili cha leo hubeba maana mbili: tendo liendelealo sasa, na tendo la desturi. Kwa hiyo swali hilo laweza kumaanisha "Je, asubuhi ya leo anaponyonya anavuta maziwa?" na laweza kumaanisha "Je, huyu ni mtoto wa kunyonya, au amekwisha kuachishwa?" Mama mwenye mtoto wa wiki tatu aliyelegea tangu usiku hujibu, na ni kweli tupu, "Ndiyo, ananyonya." Mganga hugusa kisanduku cha ndiyo, na rangi nyekundu haitokei.

Kiswahili Sanifu kina njia ya kutenga maana hizo: hunyonya kwa desturi, ananyonya kwa sasa. Lakini hu- ya pwani haisikiki sana katika mazungumzo ya bara, na mama wa Kaliua haitumii. Yeye ana njia yake, nayo ni bora kuliko yetu. Husema ananyonyaga. Kiambishi hiki -ga, kitokacho katika -ag- ya Kinyamwezi na Kisukuma na lugha nyingi za jamii yao, walimu wamekipiga marufuku madarasani kwa miaka mingi kama uchafu wa lugha. Kumbe katika chumba cha zahanati ndicho kiwezacho kumwonya mganga: mama aliyejibu "ananyonyaga" amesema habari za desturi, hajasema habari za leo, na inafaa aulizwe tena. Kishikwambi, ambacho hupokea ndiyo au hapana tu, hakisikii tofauti hiyo. Sisemi kwamba -ga iandikwe katika vitabu vya serikali. Nasema kwamba mtunga maswali asiyeijua amepoteza msaada aliopewa bure, na kwamba swali lenyewe lingefaa liwe: "Leo, tangu kulipokucha, amenyonya mara ngapi? Anavuta, au chuchu inakaa tu mdomoni?"

Jambo la pili ni umri, na hapa hatari ni kubwa zaidi. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani hugawa watoto katika makundi mawili, na mpaka ni miezi miwili. Aliye chini ya miezi miwili huhesabiwa kuwa anapumua kwa haraka akifikisha pumzi 60 kwa dakika. Wa miezi miwili hadi kumi na miwili, pumzi 50. Aliye chini ya mpaka akiwa na homa, homa hiyo peke yake ni dalili ya kumpeleka hospitali. Aliyeuvuka, kama hana dalili nyingine ya hatari, hupimwa malaria, hutibiwa, na hurudi nyumbani. Sasa mama aulizwa, "Mtoto ana miezi mingapi?" naye ajibu, "Yuko mwezi wa pili." Kwa Kiswahili safi amesema kwamba mwezi mmoja umekwisha na wa pili haujaisha, huenda mtoto ana wiki saba. Lakini programu yataka tarakimu, na karani mwenye haraka huandika 2. Kwa kugusa huko mtoto amevuka mpaka. Akiwa na joto la 38.5, programu yenye akili yote iliyotiwa na mabingwa wa Ulaya na Afrika itamshauri mganga amrudishe nyumbani mtoto ambaye, kwa sheria zake yenyewe, angepaswa kuchomwa sindano ya kwanza na kutiwa garini.

Yaweza kusemwa kwamba kadi ya kliniki ina tarehe ya kuzaliwa, na programu itahesabu siku yenyewe. Ni kweli, kadi ikiwapo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani katika kambi ya wakulima wa tumbaku huenda hana kadi bado, naye ndiye aliye katika hatari kubwa. Dawa yake ni ndogo: programu iulize kwa wiki, au iulize "Amemaliza miezi mingapi?" Kitenzi kumaliza kingetosha.

Saa nazo zina matata yake. Mtoto akigeuka rangi ya manjano ndani ya saa 24 za kwanza, hiyo ni hatari. Kwa hiyo saa ya kuzaliwa huulizwa. Mama asema saa 9 usiku. Saa ya kishikwambi yataka 03:00, na mganga aliyezoea kugeuza kichwani hugeuza, akichoka hasahihishi. Kinachochosha zaidi ni siku. Kwa watu wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa watu wengi wa bara Ijumaa usiku ni ule unaoifuata. Muuguzi aliyezaliwa Pangani na mama aliyezaliwa Usinge waweza kupishana siku nzima bila hata mmoja kusema uongo.

Sasa nije kwenye majina ya dalili, ambako kuna utajiri mkubwa. Wafasiri walipofika kwenye mtukutiko wa mwili walifurahi, kwa kuwa Kiswahili kina neno tayari: degedege. Lakini neno tayari huja na mzigo wake. Umbo lake ni dege lililorudiwa, na watu wengi hulihusisha na ndege au nondo apitaye juu ya mtoto. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuiona degedege kuwa malaria iliyozidi, bali ugonjwa mwingine, wenye mganga wake mwingine. Basi mama aulizwapo zahanati, "Amepata degedege?", haulizwi dalili tu, aulizwa, kwa namna, kama amepitia kwa mganga wa kienyeji kwanza. Akijua kwamba muuguzi ni mkali, atasema, "Alistuka tu." Swali lililoeleza mwili lingemtoa katika mtego: "Je, mwili ulikakamaa? Mikono ilitukutika? Macho yaligeuka?"

Homa ina kasoro kinyume chake, ya kukaa karibu mno na malaria. Tabora ndio mkoa ulioonekana kuwa na malaria nyingi kuliko yote katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa. Katika nchi kama hiyo kusema "ana homa" ni karibu na kutaja ugonjwa. Kwa mtoto wa siku tano neno hilo hupoteza nusu ya jambo, kwani kwake mwili wa baridi ni wa kuogopwa kama mwili wa moto, na hakuna mama atakayesema mtoto wa baridi ana homa.

Kifua ni kisa kirefu zaidi. Kunako nimonia kali sehemu ya chini ya kifua huingia ndani mtoto avutapo pumzi, na wafasiri wameandika "kifua kubonyea". Kitenzi ni sahihi kabisa. Lakini kifua katika mazungumzo ni jina la ugonjwa pia, na "mtoto ana kifua" ni kusema anakohoa. Mama husikia neno la mwanzo na kuacha la pili. Tena kubonyea humfikirisha mtu sufuria iliyoanguka, iliyobonyea na kubaki hivyo, hali dalili hii huja na kwenda kwa kila pumzi. "Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi" ni maneno matano mahali pa mawili, nami nayapendelea. Hali kadhalika mguno wa mtoto mchanga kila atoapo pumzi umeitwa kukoroma katika baadhi ya tafsiri. Akoromaye amelala, na aliyelala amepona. Ndivyo mzazi afikirivyo. Kuguna ndilo neno. Kulegea nalo laweza kumaanisha mwili usio na nguvu, au mtoto mpole asiyesumbua. Ningependa kuona mtu mmoja akiandika tasnifu juu ya kulegea tu.

Maswali ya kukanusha nitayapitia upesi, ingawa wenye programu hawayaoni. Kwa Kiswahili mtu huitikia kauli aliyoulizwa. "Hawezi kunyonya?" "Ndiyo," yaani ni kama ulivyosema, hawezi. Kwa Kiingereza, lugha ambayo programu nyingi zilitungwa kwayo, jibu la hali hiyo hiyo lingekuwa la kukana. Penye swali la kukanusha na vitufe viwili, kitufe kinachofaa hakijulikani ila kwa aliyetunga.

Mpaka hapa nimesema juu ya kuuliza. Kuamua ni jambo jingine. Mwisho wa maswali programu huandika amri: Mpe. Mpime. Mpeleke. Ni sauti ya fundi kwa mwanafunzi wake, na yafaa kwa mganga. Lakini baada ya hapo mganga humgeukia mama, na kioo hakina la kumpa. Hutumia neno alilo nalo, rufaa. Tutazame neno hili linavyotumika. Mahakamani mtu hukata rufaa: yeye ndiye mtenda, asiyeridhika na hukumu, akaitafuta haki juu zaidi. Hospitalini mtu hupewa rufaa: ni mtendwa. Neno moja, na uwezo wa kuamua umehamishwa kwa kubadili kitenzi. Mama aliyepewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, au Kitete mjini Tabora, bado ana ya kuamua: nani abaki na watoto wengine, baba yuko shambani yasikosikika simu, mama mkwe asemaje. Asiposhirikishwa hapo zahanati, atashauriana njiani, na ushauri wa njiani waweza kumrudisha nyumbani. Kiswahili kina kauli ya kutendana iliyo tayari kwa kazi hii, kushauriana, na programu ingeweza kumpa mganga sentensi za kusoma kwa sauti baada ya salamu na adabu: "Mama, tumeona mtoto anapumua hivi. Tukimpeleka leo, watampa oksijeni, ambayo sisi hatuna. Nyumbani nani wa kushauriana naye? Tumpigie?"

Hata kuacha kutoa dawa kwataka maneno. Nimetaja kwamba ePOCT+ ilipunguza antibiotiki kutoka karibu watoto saba katika kumi hadi pungufu ya watatu. Maana yake ni kwamba wazazi wengi walirudi bila kile ambacho wangekipewa zamani. Mganga akisema "hakuna dawa", mama wa kijijini amekwisha kuisikia sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara ilimaanisha kwamba kabati ni tupu. Atakwenda duka la dawa na kununua antibiotiki ile ile. "Dawa ipo, ila haitamsaidia, kwa kuwa kikohozi hiki ni cha mafua, akibadilika hivi au hivi, mrudishe usiku huo huo" ni kauli nyingine kabisa, na tofauti yake na ile ya kwanza haigharimu shilingi.

Nchini Tanzania, kwa hesabu za mwaka 2022, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai 24 hufa kabla ya kutimiza siku 28. Sitadai kwamba sarufi itawaokoa wote. Walakini maswali haya yakikwisha kutiwa katika programu huulizwa maelfu ya mara bila mtu kuyafikiri tena, na kosa la kitabu kimoja huwa kosa la vituo vyote. Kwa hiyo yapaswa kujaribiwa kabla ya kusambazwa, wala si mezani kwa wafasiri wawili Dar es Salaam. Yasomwe kwa akina mama wa Kaliua na Usinge, kisha waombwe waeleze kwa Kinyamwezi wameulizwa nini. Na Ulyankulu, kwa Kirundi. Penye majibu yasiyolingana na swali, swali liandikwe upya. Kazi hiyo wanafunzi wetu wa shahada ya pili wanaiweza, nayo ingewafaa kuliko kuhesabu tena ngeli za nomino.

Ningeshauri ianzie na maswali ya namba 115. Katika zahanati mganga aliyetilia shaka jibu huweza kumfunua mtoto kifua na kutazama mwenyewe. Katika simu hakuna kidole cha kuonyesha wala picha. Kuna sauti ya mtu wa mjini, sauti ya mama usiku, na maneno kati yao.